Kabla Hujanunua Kitabu cha Vipepeo

Kwa miaka miwili daftari langu lilibeba kosa moja, nikilirudia kila masika bila kujua. Uani kwetu Muheza pana mlimau mmoja na michungwa minne, na mvua zikishanyesha hufika kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hafifu, asiyetulia hata akiwa ananyonya ua: mabawa yanapepea tu kama mtu aliyeambiwa gari linaondoka. Nilikuwa na kitabu cha mtumba nilichokinunua Dar es Salaam kwa muuzaji aliyetandaza vitabu kando ya njia. Karatasi ya kung'aa, picha kubwa, bei ya kuelewana. Nikamwona kipepeo wangu humo: Papilio demoleus. Nikaandika. Masika mengine nikaandika tena.

Kisha akaja mgeni mmoja anayewajua wadudu. Akalipitia daftari, akatabasamu, akauliza, "Kitabu chako hiki ni cha wapi?" Nikafungua kurasa za mwanzo, ambazo kusema kweli sikuwahi kuzisoma. Kilikuwa kitabu cha vipepeo wa India.

Demoleus yuko kweli, ila kwake ni Uarabuni kuelekea mashariki, mpaka Australia. Jamaa zetu walioko Muscat humwona kwenye ndimu zao. Wa Muheza, wa Unguja, wa Mombasa ni Papilio demodocus, ndugu yake wa karibu mno. Ukitaka kuwatenganisha, tazama kona ya ndani ya bawa la nyuma, pale karibu na mkia wa mwili. Demoleus ana doa jekundu la rangi ya tofali. Wetu ana doa lililo kama jicho, lenye buluu na rangi ya chungwa. Picha za kitabu changu zilikuwa sahihi kabisa. Mimi ndiye niliyekipeleka kitabu mahali pasipo pake, na kwa kuwa hakikuwa na demodocus, kilinipa jibu la karibu zaidi kililokuwa nalo. Kitabu hakiwezi kukwambia "huyu simjui".

Kwa hiyo unapotaka kununua, usianze na picha. Anza na ramani. Kitabu cha vipepeo wa dunia nzima ni pambo la sebuleni. Duniani kuna aina za vipepeo zipatazo 18,000, na Afrika kusini mwa Sahara peke yake ina zaidi ya 4,000. Kitabu kinachodai kuwabeba wote mkononi kimechagua wachache wa kupendeza na kuwaacha wengine, na mara nyingi walioachwa ndio wanaoruka nyumbani kwako.

Kwa aliye Kenya, Tanzania au Uganda na anataka kitu kimoja cha kutia mfukoni, mimi humwelekeza kwenye kitabu kidogo cha Dino Martins na Steve Collins, Butterflies of East Africa, kilichotoka mwaka 2016 katika mfululizo wa Struik. Kina aina mia mbili na ushei tu. Watu hulalamikia uchache huo, nami nauona kuwa ndio sifa yake. Anayeanza akipewa aina mia tisa kwa mkupuo atapotea katika kurasa na kukiweka kitabu kabatini. Mia mbili zilizochaguliwa vizuri zitakutosha bustanini, barabarani na ukingoni mwa msitu kwa mwaka mzima wa kwanza.

Ukishakizoea hicho, ndipo utafute kitabu cha Torben Larsen, The Butterflies of Kenya and their Natural History, kilichochapishwa na Oxford mwaka 1991. Humo wamo vipepeo wa Kenya wote waliojulikana wakati huo, karibu aina 900, na maelezo yake yanasomeka. Larsen alikuwa mtu wa kusimulia: anakueleza kipepeo anakula nini, anahama lini, anamwigiza nani. Huyo huyo ndiye aliyeshirikiana na mkewe Kiki kuandika kitabu cha vipepeo wa Oman, kwa hiyo wasomaji wetu wa Ghuba nao wana pa kuanzia. Tanzania tunacho kitabu cha Jan Kielland cha mwaka 1990, Butterflies of Tanzania. Ni kikubwa, kizito, adimu, wala si cha kubeba porini. Usihangaike kukinunua kabla hujakisoma maktabani ukaona kama utakihitaji.

Jihadhari na vitabu vya zamani vinavyouzwa rahisi. Kile cha J. G. Williams cha mwaka 1969 kinajaribu kuibeba Afrika nzima kwenye mfuko wa koti. Ninacho na ninakipenda, lakini nakipenda kama ninavyoipenda redio ya mbao ya marehemu babu. Tatizo jingine la vitabu vya zamani ni majina. Kipepeo mdogo mwenye madoa ya buluu mang'avu kwenye mabawa ya nyuma, anayeota jua katikati ya njia, zamani aliandikwa Precis oenone. Leo ni Junonia oenone. Mdudu ni yule yule. Ukikutana na majina mawili yanayogombana, fungua kazi ya Mark Williams iitwayo Afrotropical Butterflies, inayopatikana bure kwenye tovuti ya Lepidopterists' Society of Africa. Haina raha ya kusoma, ni orodha ndefu yenye majina ya zamani, majina ya sasa, mahali na mimea. Lakini kwa kuamua ugomvi wa majina sijaona inayoishinda.

Sasa njoo dukani. Una kitabu mkononi, muuzaji anakutazama, huna nafasi ya kukisoma chote. Fungua ukurasa mmoja tu: wa Hypolimnas misippus.

Huyu ndiye kipimo changu. Dume lake ni jeusi, lina madoa makubwa meupe yaliyozungukwa na zambarau inayomeremeta. Jike ni rangi ya chungwa, ncha za mabawa nyeusi zenye mkanda mweupe. Ukiwaweka pamoja huwezi kuamini kuwa ni mke na mume. Na jike halikujichagulia rangi hiyo bure. Linamwigiza Danaus chrysippus, kipepeo ambaye kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe wenye sumu, na sumu ile hubaki mwilini hata akishaota mabawa. Ndege akimwonja mara moja hujuta. Misippus hana sumu. Anaishi kwa sifa ya jirani.

Utawatofautishaje? Subiri atue, umsogelee taratibu, kivuli chako kisimwangukie. Tazama bawa la nyuma. Danaus ana madoa meusi matatu katikati ya bawa, na dume ana la nne. Misippus jike ana doa moja tu, juu, karibu na ukingo wa mbele. Kisha tazama kichwa na kifua: vya Danaus ni vyeusi vyenye nukta nyeupe, kama manyoya ya kanga. Jambo halijaishia hapo. Danaus wa Afrika Mashariki wana sura zaidi ya moja: wapo wasio na ncha nyeusi kabisa, hasa sehemu kavu, na majike wa misippus nao wana sura inayoiga hiyo pia.

Kitabu kizuri kitakuonyesha yote haya: dume, jike, sura zake, na mahali pengine karibu picha ya Danaus kwa kulinganisha, au angalau mshale unaoelekeza kwenye lile doa moja. Kitabu kibovu kitakuwekea dume tu kwa sababu ndiye mzuri wa kupiga picha. Ukikuta hivyo, kirudishe kwa muuzaji, mshukuru, ondoka.

Ukishampita misippus, angalia kama kitabu kinaonyesha upande wa chini wa mabawa. Wale vipepeo wadogo wa buluu wanaoruka juu ya nyasi uwanjani, wenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, hufunga mabawa wakishatua, na buluu yote hupotea. Unachokiona ni vijistari na nukta za kijivu. Hapo ndipo jina lao lilipo. Kitabu chenye picha za juu tu kitakuacha unamwombea kipepeo afungue mabawa, naye hafungui. Charaxes, wale wakubwa wenye mbio wanaopenda ndizi zilizooza na kinyesi cha fisi kuliko maua, nao ni hivyo hivyo: juu unaweza kuchanganya, chini unasoma.

Misimu pia. Precis octavia wa masika ni mwekundu wa kuelekea chungwa. Wa kiangazi ni buluu. Mwanafunzi mmoja aliniletea picha mbili akaniapia kuwa ni vipepeo wawili. Sikumlaumu. Wataalamu nao walihitaji kuwafuga ndipo wakaamini.

Jambo ambalo vitabu vingi hulitaja kwa maneno matatu, nami nadhani ndilo la thamani kuliko picha, ni mti wa chakula. Niliyajua haya kwa mama mmoja wa vijiji vya juu, Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Mradi wa vipepeo wa Amani ulianza mwaka 2003. Wanakijiji walifuga viwavi kwenye vibanda vya chandarua, wakauza pupa kwa maonyesho ya vipepeo ya Ulaya na Marekani, mpaka mwaka 2016 Serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Nilimkuta mama huyo shambani, nikamwamkia, nikamwonyesha picha kwenye simu nikiomba jina. Hakuitazama sana.

"Ulimwona kwenye mti gani?"

Nikasema sikuangalia mti.

"Basi mwanangu wewe watafuta mdudu. Sie twatafuta mti, mdudu aja mwenyewe."

Alinitembeza nusu saa kandokando ya msitu. Hakuwa na jina la kisayansi hata moja, wala kitabu, lakini alikuwa akigeuza jani na kunionyesha yai, akisema huyu atakuwa mweusi mwenye mikia, huyu atakuwa wa madoa. Wafugaji wa mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993 kule Gede, pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, wana ujuzi wa namna hiyo hiyo, na walioko Pete, karibu na Jozani, Unguja, pia. Ukifika sehemu hizo lipa kiingilio, halafu usitosheke na kupiga picha ndani ya wavu. Muulize mfugaji kila mmoja anakula nini. Hicho ni chanzo bora cha maarifa kuliko nusu ya rafu ya duka la vitabu.

Kwa hiyo kitabu kisichotaja mimea ya viwavi kina upungufu. Kiwavi aliye kwenye mlimau, mdogo, mweusi mwenye weupe kama kinyesi cha ndege, ambaye baadaye hugeuka kijani na ukimgusa hutoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali, huna haja ya kumtafuta kurasa nyingi: mara nyingi ni yule demodocus wangu. Vipepeo weupe wa kuelekea njano wanaozunguka mijohoro ni Catopsilia florella. Kiwavi mnene mwenye pembe mkiani kwenye viazi vitamu ni wa nondo, wala si wa kipepeo. Mti unakupunguzia kazi kutoka aina mia tisa hadi tano au sita.

Simu, je? Watu wengi siku hizi hawanunui kitabu kabisa, na siwezi kuwalaumu. Programu ya iNaturalist ni ya bure: unapiga picha, inakupa mapendekezo, kisha watu wengine duniani wanaithibitisha au kuikataa. Naitumia kila wiki. Lakini ielewe inavyofanya kazi. Mashine yake imejifunza kwa picha zilizopelekwa na watu, na maeneo yenye wapigapicha wengi inayajua kuliko yenye wachache. Ndiyo maana mara nyingine itakupa kipepeo wa Asia kwa mdudu wa Handeni. Kosa langu lile lile la kitabu cha India, ila kwa kasi. Ruhusu programu ijue mahali ulipo, tazama kama aina inayopendekezwa imewahi kuonekana jirani, na usibonyeze jina kwa sababu limetokea juu ya orodha. Ikisema tu jenasi, pokea jenasi. Si aibu kuandika "Charaxes fulani" ukaishia hapo. Aibu ni kuandika jina kamili ulilolibahatisha.

Picha moja haitoshi. Piga ya juu, piga ya chini akifunga mabawa, piga na mmea aliotua. Kama yupo aliyekufa dirishani, mweke juu ya karatasi yenye mistari, karibu na sarafu, umpige pande zote mbili. Tarehe na mahali viandike siku hiyo hiyo. Na kwenye hifadhi usikamate mdudu wala kumtoa bila kibali; kuangalia na kupiga picha kunatosha.

Nimewaacha nondo hadi sasa kwa makusudi, kwa kuwa ushauri wote wa juu unalegea ukifika kwao. Nondo ninaowasema si vyuma vya ujenzi. Ni hawa wanaojigonga kwenye taa ya baraza. Duniani wamekwisha kutajwa zaidi ya 140,000. Hakuna kitabu cha mfukoni kitakachowabeba wa Afrika Mashariki, na ukiona kinachodai hivyo, mwachie mwenye duka. Kitabu cha Elliot Pinhey cha mwaka 1975 juu ya nondo wa kusini mwa Afrika husaidia kwa wale wakubwa, maana wengi wao tunao nasi. Kwa waliobaki kuna Afromoths, hazina ya mtandaoni iliyojengwa na akina De Prins, yenye majina, nchi na mimea ya chakula. Usiende huko na swali "huyu nani?" Nenda ukiwa umeshajua ukoo wake, la sivyo utazama.

Kwa nondo, jifunze koo kwanza, majina ya mmoja mmoja yafuate baada ya mwaka. Wale wa mabawa membamba na mwili kama risasi ni ukoo mmoja; mmoja wao, Acherontia atropos, ana alama ya fuvu kifuani, huingia kwenye mizinga kuiba asali na akishikwa hulia kama panya. Wale wakubwa wenye macho mabawani na vipapasio kama manyoya ni ukoo mwingine, na wakishaota mabawa hawali kabisa.

Ile kanuni ya shuleni, kwamba kipepeo ni wa mchana na nondo ni wa usiku, iweke pembeni. Katika misitu yetu ya upande wa pwani yupo Chrysiridia croesus, mweusi mwenye kijani kinachometameta, anaruka jua likiwaka, na kila anayemwona humtafuta kwenye kitabu cha vipepeo asimpate. Ni nondo. Asijione mjinga: ndugu yake wa Madagaska alipopewa jina na Dru Drury mwaka 1773, aliwekwa miongoni mwa vipepeo. Tazama vipapasio. Vya kipepeo vina kirungu nchani. Vya huyu vinakwisha kama uzi.

Na kama wewe ni mkulima, kitu kinakula mahindi yako na hutaki hadithi, usinunue kitabu chochote kati ya hivi. Viwavijeshi vamizi walioingia Afrika mwaka 2016 hutambulika wakiwa viwavi: usoni wana alama kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia nukta nne nyeusi zilizopangwa mraba. Programu ya Nuru ya PlantVillage inazungumza Kiswahili, inatazama jani la mhindi kwa kamera ya simu na inafanya kazi bila intaneti. Kantangaze wa nyanya ni nondo mdogo kama punje ya mchele. Hayumo kwenye kitabu chenye picha nzuri, lakini afisa ugani anamjua. Mpelekee jani lenye vijia, ukiwa umelitia kwenye mfuko uliofungwa ili usimsambaze njiani.

Ukiniuliza fedha zikiwa za kitu kimoja tu ununue nini, nitakwambia kile kidogo cha mwaka 2016, na zinazobaki nunua daftari la jalada gumu. Humo andika pia jina ambalo bibi yako au wazee wa mtaani wanamwita mdudu huyo, kwa Kisambaa, Kigiriama, Kidigo au Kiswahili cha kwenu, kwa sababu vitabu nilivyovitaja vyote ni vya Kiingereza na majina hayo hayamo.

Mvua za vuli zikianza, chagua usiku usio na mbalamwezi. Tundika shuka jeupe ukutani, washa taa mbele yake. Balbu hizi za LED huwavuta wachache, ya kizamani ni bora. Kitabu kiache ndani. Utakifungua asubuhi, ukiwa na picha na daftari.